Kamati ya Machozi ya Bi. Chausiku

Ipo nchi, na si yako wala si yangu, ambayo wananchi wake wote ni wazima. Uzima huo haukuja kwa kubahatisha. Uliletwa na sheria, iliyopitishwa bungeni kwa kauli moja siku ambayo wapinzani walikuwa wamepelekwa semina ya mbali yenye posho nzuri. Sheria inasema kwamba mtu akiulizwa "Habari?" atajibu "Nzuri," na jibu hilo litachukuliwa kuwa tamko rasmi la afya yake. Wananchi hawakuiona kuwa ngumu, maana hata kabla ya sheria walikuwa wakijibu hivyo hivyo. Mtu nyumba yake inaungua, jirani anapita na kuuliza habari za asubuhi, naye anajibu kuwa nzuri tu, hofu kwako, ila nyumba ndiyo hiyo inateketea.

Katika nchi hiyo kulikuwa na Wizara ya Shangwe, na ndani ya wizara alikuwamo Bi. Chausiku, Mpiga Vigelegele Mwandamizi wa Taifa. Mgeni akishuka kwenye ndege, Chausiku yupo. Bomba la maji likizinduliwa, yupo, na bomba lile lile likizinduliwa tena mwaka unaofuata kwa sababu bado halijatoa maji, yupo vile vile. Kigelegele chake kilianza chini, kikapanda, kikakaa huko juu mpaka Waziri amalize kupunga mkono pande zote. Wenzake walikisifu, na yeye mwenyewe alikionea fahari.

Halafu mumewe akafariki. Mbaraka alikuwa fundi seremala, mtu mpole, aliyeugua siku chache tu. Asubuhi aliyokufa, Chausiku alikuwa kiwanja cha ndege akimpokea rais wa nchi jirani. Aliporudi alikuta viti vimeshapangwa uani. Kulikuwa na jambo la asubuhi ile, kati yake na Mbaraka, ambalo hakumwambia mtu yeyote. Likamkaa kooni. Msiba mzima hakulia. Alipokea wageni, akawaandalia, akaulizwa habari, akajibu nzuri.

Siku zikapita, pakazinduliwa choo cha soko. Utepe ukakatwa, Chausiku akafumbua kinywa, ulimi ukacheza kama kawaida, ikatoka hewa. Akajaribu tena. Hewa.

"Bi. Chausiku," Mkurugenzi wa Shangwe alimwambia jioni hiyo, "Mheshimiwa amekata utepe kimya kimya kama mtu anayeiba."

"Naomba radhi, bosi. Sauti yangu haitoki."

"Usiseme ni sauti yako. Hiyo ni mali ya umma, na wewe umekabidhiwa tu kuitunza. Mwishoni mwa mwaka anakuja Mfalme wa nchi rafiki. Ikifika siku hiyo hujapona, natangaza nafasi yako gazetini."

"Nitaponaje, bosi?"

"Serikali imefikiria kila kitu. Tunayo Idara ya Tiba ya Mazungumzo. Unakaa na mnasihi, unazungumza, unapona. Tuliianzisha siku ile wafadhili walipouliza mbona hatuna."

Chausiku alitoka pale na matumaini, jambo linaloonyesha jinsi alivyokuwa hajawahi kufika kwenye idara hiyo.

*

Foleni ilianzia dirishani ikatoka nje ikalizunguka jengo. Mbele yake alikuwa mzee mwenye kofia ya kufuma, amekuja na kigoda chake mwenyewe.

"Umekuja mara ngapi, baba?" Chausiku alimuuliza.

"Mwanangu, nilianza kuja hapa binti wa dirishani hajaolewa. Sasa ana watoto. Kila nikifika naambiwa mimi ni mzima."

Chausiku hakuelewa, mpaka zamu yake ilipofika. Binti wa dirishani aliitwa Stumai, na alikuwa na tabasamu zuri sana na muhuri mkubwa.

"Habari za asubuhi, mama?"

"Nzuri," alijibu Chausiku.

Muhuri ukalia. "Mzima. Anayefuata!"

Kesho yake akarudi. "Shikamoo, mama," alisema Stumai. "Habari za toka jana?"

"Marahaba. Nzuri, mwanangu, lakini..."

"Lakini ni dirisha la pili, mama, na mwenye dirisha la pili yuko likizo ya uzazi. Anayefuata!"

Usiku ule Chausiku alisimama mbele ya kioo akijifundisha. "Mbaya," alijiambia. "Mbaya. Mbaya sana." Alifika dirishani akiwa ameiva. Stumai akamtazama kwa upole, akauliza, "Nyumbani hawajambo?" Swali hilo hakuwa amelifanyia mazoezi. "Hawajambo," ulimi ukajibu wenyewe, na muhuri ukalia.

"Kwani huwezi kumwambia tu ukweli?" yule mzee alimuuliza Chausiku wakati wanatoka. "Mbona na wewe huwezi?" Chausiku alimrudishia.

"Mimi?" mzee alishangaa. "Nisalimiwe na mtoto wa watu kwa adabu, halafu nimjibu hivyo? Mama yangu alinilea."

Ndipo Chausiku alipopata wazo la aibu. Siku iliyofuata, alipobaki mtu mmoja mbele yake, alipiga funda kubwa la maji kutoka kwenye chupa akalifungia kinywani. Stumai akamsalimia. Kimya. Akamsalimia tena, kwa sauti ya juu. Kimya. Foleni nzima ikanyamaza. Mama mmoja akamziba mwanawe masikio, ingawa hapakuwa na cha kusikia.

"Mama, nimekusalimia," Stumai alisema, na tabasamu lilikuwa limemtoka. Kimya. "Bosi! Njoo! Kuna mtu hajibu salamu!"

Bosi alikuja mbio akiwa bado anatafuna. Alimtazama Chausiku machoni, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Huyu ni mgonjwa," alisema. "Mgonjwa sana. Mpelekeni dirisha la malipo."

Chausiku akameza maji. "Ahsante sana," alisema, na nyuma yake akamsikia yule mzee akiulizia bei ya chupa ya maji.

*

Afisa wa malipo alikuwa kijana mwenye tai, na alianza kwa kukadiria.

"Marehemu alikuwa mlevi?"

"Hapana."

"Alikuwa na nyumba ndogo mahali?"

"Astaghafiru! Hapana."

"Alikuwa mkali? Mchoyo? Alikoroma?"

"Alikoroma kidogo," Chausiku alikiri. "Lakini nilikuwa nimezoea. Sasa kukiwa kimya silali."

Kijana akaweka kalamu chini. "Mama, huyu ni ghali. Angekuwa mtu wa ovyo ningekupunguzia. Mume mwema tunamtoza daraja la juu."

"Ninacho kijiakiba changu..."

"Hapana, hapana. Sheria hairuhusu mtu kujilipia huzuni yake. Ukijilipia mwenyewe, ukajifungia na mnasihi, sisi wengine tutajuaje unasikitika nini? Tiba inalipwa kwa mchango. Uwe na kamati, mwenyekiti, mweka hazina na mgeni rasmi. Kamati ikikamilika, mnasihi atapangwa."

Kamati haikuwa tabu kupatikana. Mbaraka alikuwa na mdogo wake, Ngwali, mtu wa simu tatu, aliyekuwa ameshaongoza kamati za harusi, za kipaimara, na moja ya mahafali ya chekechea ambayo bado inazungumzwa. Alipoambiwa, alifurahi, kisha akakumbuka msiba akajirekebisha.

"Pole sana, shemeji," alisema. "Niachie mimi."

"Lakini, shemeji Ngwali, mimi nataka kitu kidogo tu. Nikae na huyo mtu, chumbani, saa moja, nizungumze naye."

"Chumbani? Peke yenu? Shemeji, watu watoe pesa zao halafu wewe ukalie chumbani? Waliochangia wataona nini?"

Vikao vikaanza, kwenye hoteli yenye kuku wa kukaanga mzuri. Kikao cha kwanza kilijadili rangi ya sare. Upande mmoja ulitaka zambarau, kwa kuwa ni rangi ya majonzi. Upande wa pili ulitaka kijani, kwa kuwa vitambaa vya kijani vilikuwa vimebaki kwenye duka la mweka hazina. Kijani ikashinda. Kikao cha pili kilipitisha turubai, viti, mapambo, muziki, mpiga picha, mbuzi mzima wa kuchoma wa ndafu, na keki ya umbo la chozi. Mnasihi aliwekwa mwishoni, chini ya "mengineyo", pamoja na barafu na vijiti vya meno. Kundi la simu likafunguliwa kwa jina la "Tumlize Chausiku", na kila kukicha watu wakawa wanatumiana humo picha za maua na kutakiana siku njema. Kadi zikachapishwa. Aliyechanga kidogo alipata singo, aliyechanga zaidi akapata dabo, aje na mwenzi wake kutazama.

Chausiku alihudhuria vikao vyote. Alikaa pembeni na soda yake, na kila mjumbe aliyeingia alimuuliza habari.

*

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, na hali ya hewa ilikuwa nzuri, kama inavyotakiwa na wizara husika. Turubai lilijaa. Chausiku aliketishwa jukwaani kwenye kochi lililofunikwa kitambaa cheupe na maua ya plastiki, na pembeni yake, kwenye kochi hilo hilo, akaketishwa mnasihi. Aliitwa Bwana Pazi, mtu mfupi mwenye miwani na sauti ya chini, na alionekana kama mtu aliyeletwa mahali tofauti na alikoambiwa. Wageni waliochelewa walipanda jukwaani kumpongeza kwa kupata mke.

Mgeni rasmi alikuwa Naibu Waziri wa Shangwe. Alisimama, akarekebisha koti, akarekebisha kipaza sauti, akarekebisha koti tena.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa. Tulipochukua nchi hii, huzuni ilikuwa holela. Mtu alikuwa analia popote, wakati wowote, bila kibali. Leo, kupitia mkakati wetu wa miaka mitano, huzuni imepungua kwa kiwango ambacho hata majirani wanakuja kujifunza. Huyu mama ni kati ya wachache waliobaki. Nami nasema, hatutamwacha nyuma! Atalia, atamaliza, na ataungana na wenzake katika ujenzi wa taifa!"

Makofi. Alizungumza hivyo kwa muda mrefu. Baada yake alizungumza Mkurugenzi, aliyewaomba radhi kwa kuwa hakuwa amejiandaa kuzungumza, akatoa karatasi mfukoni. Baada yake akazungumza Ngwali, akawataja waliochangia, na kwa sauti iliyokunjamana kidogo, akawataja walioahidi tu. Keki ikakatwa, watu wakalishana. Saa ambayo Chausiku alilipiwa ilikuwa inakwisha, naye alikuwa hajasema neno.

"Na sasa!" alipiga kelele mshereheshaji, aliyejiita MC Bashasha. "Wakati tuliokuwa tunausubiri! Mnasihi atauliza swali, na bibi yetu atalia! Kamera, sogea, sogea, usinizibie meza kuu! Bwana mnasihi, uwanja ni wako!"

Bwana Pazi akapewa kipaza sauti. Akakitazama, akamtazama Chausiku, akasita. MC Bashasha akamnong'oneza kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, "Msalimie basi! Huna adabu?"

"Habari yako, Bi. Chausiku?" aliuliza Bwana Pazi, kinyonge.

"Nzuriiii!" likajibu turubai zima, na Chausiku akajisikia akijibu pamoja nao. Watu wakapiga makofi. Mpiga picha akasogea na taa yake, akasubiri chozi, hakuna. Akasubiri. Mtoto akaanza kuomba maji. Watu wakaanza kutazamana, na Ngwali akaanza kutokwa jasho, maana aliiona heshima ya kamati yake ikipotea mbele ya mgeni rasmi. Akamfanyia MC ishara ya kijiko.

"Chakula tayari!" alitangaza MC. "Tunaanza na meza kuu!"

Wale waliowahi kuhudhuria shughuli za nchi ile wanajua kilichofuata. Meza kuu haikuanza. Walianza wote. Walisukumana kuelekea kwenye masufuria nyuma ya turubai, naye mpiga picha aliitua kamera yake kitini akawakimbilia. Mara moja turubai likawa tupu, viti vimelala ubavu, na jukwaani wamebaki watu wawili kwenye kochi la harusi.

Bwana Pazi alizima kipaza sauti akakifukia chini ya mto. Hakumuuliza habari. Alikaa kwanza.

"Aliitwa nani?" alisema mwishowe.

Chausiku alishtuka. Kamati ilikuwa imekutana mara nyingi, na pale kwenye kitambaa kikubwa cha jukwaani ilikuwa imeandika jina lake yeye, la mwenyekiti na la mgeni rasmi.

"Mbaraka," alijibu. Na kwa kuwa jina lilishatoka, kilichokuwa nyuma yake kikapata njia. "Aliniomba uji. Asubuhi ile. Alikuwa hajala tangu jana yake, nikafurahi kusikia anataka kitu. Lakini gari la wizara lilikuwa linapiga honi nje. Nikamwambia, nikirudi, mume wangu. Nikirudi nitakupikia. Akasema haya. Nikaenda kumpigia vigelegele mtu nisiyemjua, nikavipiga vizuri sana, siku ile nilivipiga vizuri kuliko siku zote. Na uji... unga ulikuwepo. Maji yalikuwepo. Ni jambo la dakika chache tu."

Hapo ikatoka. Ilianza chini kabisa, kwenye tumbo, ikapanda, ikafika juu, ikakaa huko juu. Ulimi wenyewe, kwa mazoea ya kazi, ukacheza. Chausiku alikunja uso kwenye magoti yake akalia kwa sauti yake yote, na Bwana Pazi hakumwambia anyamaze.

Kwenye masufuria, mikono ikasimama hewani.

"Imerudi!" alipiga kelele Mkurugenzi, paja la mbuzi mkononi. "Mheshimiwa, sauti imerudi! Sikia inavyopanda!"

Wanawake wakaitikia kwa vigelegele, wanaume wakapiga miluzi, na Naibu Waziri, bila hata kunawa, akatangaza hapo hapo kwamba Bi. Chausiku amepona rasmi na kwamba huduma za kijamii zinafika hadi kwa mwananchi wa kawaida. Ngwali alibebwa mabegani.

*

Ilipofika zamu ya kulipa "mengineyo", keki ilikuwa imekula pesa zote. Bwana Pazi alilipwa nyama iliyofungwa kwenye karatasi ya foili na kuambiwa kwamba mengine Mungu atamzidishia. Kabla hajaondoka alimsogelea Chausiku.

"Wamesema umepona," alisema. "Mimi naona umeanza. Ukitaka kuendelea, chumba changu kiko nyuma ya kiwanda cha magodoro. Njoo Alhamisi, peke yako."

"Na kamati?"

"Usiiambie."

Akaenda. Chumba kilikuwa na viti viwili, feni, na dirisha lililofunga vizuri. Siku ya kwanza alitarajia aambiwe cha kufanya, kumbe aliulizwa tu: analala vipi, anakula nini, nani anamsaidia nyumbani. Bwana Pazi akamweleza kwamba yatakayosemwa mle hayatatoka nje, na kwamba akiona hawaelewani ana haki ya kusema na kutafuta mnasihi mwingine. Hilo lilimchekesha Chausiku mpaka akafuta machozi, maana hakuwahi kusikia mtu wa nchi ile akipewa ruhusa ya kumkataa mtaalamu.

"Na malipo?" aliuliza, akishika mkoba kwa nguvu.

"Ni kiasi gani unaweza kutoa kila wiki bila kulala njaa?"

Akataja, kwa aibu. "Basi ndiyo bei," alisema Bwana Pazi. Hapakuwa na muhuri.

Kuna Alhamisi alizotoka mle akiwa mwepesi, na kuna alizotoka akiwa hovyo kuliko alivyoingia, na Bwana Pazi alikuwa ameshamwambia kwamba ndivyo itakavyokuwa. Lakini alianza kulala. Asubuhi moja alipika uji, akamimina vikombe viwili bila kukusudia, akavinywa vyote.

*

Mfalme akaja. Wapiga vigelegele walipangwa mstari pembeni ya zulia jekundu wakiwa wamevaa sare, Chausiku akiwa wa kwanza, na Mkurugenzi alipita akiwakagua meno. Ndege ilipokuwa inazunguka kusimama, Mwanahawa, aliyesimama ubavuni mwa Chausiku na kufanya naye kazi miaka mingi, alimwegemea.

"Mimi nilikuja kwenye shughuli yako," alinong'ona. "Nilikuwa na singo. Shoga, kile hakikuwa kigelegele."

Chausiku aliiona kazi yake ikienda, na nafasi yake gazetini. Kisha akakumbuka kwamba siku hizi kila Alhamisi yeye husema kweli, akaona leo nayo iwe Alhamisi.

"Hakikuwa," alijibu. "Nilikuwa namlilia Mbaraka."

Mwanahawa aliitazama ndege. "Wangu ni mama," alisema. "Alifariki wiki ya Maonyesho ya Taifa. Niliomba ruhusa, nikaambiwa baada ya maonyesho."

"Wangu ni mtoto," alisema wa tatu, ambaye hakuulizwa.

"Wangu ni Saumu, pacha wangu," alisema wa nne, na majina yakaenda hivyo, kwa kunong'ona, mpaka mwisho wa mstari. Mlango wa ndege ukafunguliwa. Mkurugenzi akashusha mkono, nao wakaanza.

Televisheni ya taifa iliirusha sauti ile moja kwa moja, na mtangazaji akasema kwamba haijapata kutokea mapokezi ya namna hiyo. Waziri alivimba kwa fahari. Mfalme, mzee mrefu aliyetembelea fimbo, alishuka ngazi polepole, akapita zulia, akafika kwa Chausiku akasimama. Alimtazama mashavu yaliyolowa. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema maneno machache kwa lugha ya kwao.

Mkalimani wa serikali, kijana aliyenyoa vizuri, hakutafsiri mara moja.

"Amesemaje? Amesemaje?" Waziri alikuwa anakuja kwa haraka.

"Anasema kwao pia hivyo ndivyo wanavyolia," kijana alimnong'oneza Chausiku. "Anakupa pole." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, "Wangu ni kaka."

Akageuka, akanyoosha tai yake.

"Mheshimiwa," alisema kwa sauti, "Mfalme anasema amefurahi sana."